Bibi Mmoja wa Muleba

Kitendawili! Wewe uliyekaa karibu na mlango, usijifanye husikii. Sema tega.

Nilipewa bure kabla sijajua kusema. Tangu hapo sijakiweka chini hata siku moja, sijakisahau njiani, wala mwizi hajakitamani. Wenye kazi nacho ni watu wengine, mimi mwenyewe sina kazi nacho. Mkwe wangu akikigusa, amenivunjia heshima. Asipokigusa, amenivunjia heshima vilevile. Ni nini hicho?

Usikimbilie kunipa mji, siutaki. Fukia fumbo hilo kwenye majivu kama kiazi, liive taratibu, maana mwenye jibu yuko Muleba na atalitoa mwenyewe. Sisi twende kwanza Rwamishenye, hapo Bukoba mjini, uani kwa Evodia.

*

Jumamosi ile Evodia aliinjika sufuria kubwa mapema. Maji yakaanza kuimba, na moto wote ule ulikuwa unasubiri kitu kimoja tu: gunia la kahawa mbichi kutoka Muleba.

Evodia alikuwa mke wa Josia, fundi wa kuchomea mageti, na mama wa watoto wawili, Rugambwa na mdogo wake. Biashara yake ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile ambayo Mhaya humpa mgeni kabla hata hajamuuliza habari za safari. Aliichemsha uani na majani ya mujaja, akaianika juani, akaifunga katika vipakiti vya maganda makavu ya mgomba. Kahawa yenyewe ilitoka kwenye kibanja cha mama mkwe wake, na upishi ulitoka kwa mama mkwe huyohuyo. Mama mkwe Wahaya tunamwita mazara, nasi tumwite hivyo.

Watu wa Rwamishenye waliinunua, lakini Rwamishenye ni ndogo. Kilichoifikisha kahawa ya Evodia mbali ni makala. Jirani yake Mastura, muuza kashata, alikuwa amefungua ukurasa kwenye mtandao, akauita Mama Hakai Bure. Wanawake watano walikuwa wanaandika humo, kila mmoja kwa simu yake, mtoto mgongoni au maharage jikoni. Mmoja aliandika habari za kufuga kuku kwenye ua mdogo, mwingine jinsi ya kumwachisha mtoto ziwa bila vita. Evodia aliandika habari za vyakula vya nyumbani, na makala yake moja, "Kahawa Isiyonywewa," ilisomwa kuliko zote. Kwa sababu ya makala hiyo mwanamke mmoja wa Mwanza alikuwa ameagiza pakiti mia mbili za kugawa kwenye harusi ya mwanawe. Zilitakiwa baada ya wiki tatu. Evodia hakuwahi kupata oda kama hiyo tangu azaliwe.

Basi dogo la Muleba lilisimama njia panda, konda akashuka. Gunia hakushuka nalo. Alishuka na kikapu kidogo cha ukili ambacho Evodia alikifahamu vizuri, maana Jumamosi iliyopita alikuwa amekipeleka mwenyewe kituoni. Kila alipopika, pakiti kumi za kwanza zilikwenda kwa mazara kuonjwa. Mazara alitafuna, akatuma neno: majani yamezidi, au moto ulikimbia, au safari hii umepika.

Pakiti kumi zote zilikuwamo ndani ya kikapu. Hata moja haikufunguliwa.

"Na gunia?" Evodia aliuliza.

Konda alijikuna shingo. "Dada, mimi nasema kama nilivyotumwa, usinichukie. Mama Josia amesema gunia hakuna. Na amesema hivi: kahawa hii mpelekee bibi mmoja."

"Bibi gani?"

"Hakusema gani. Bibi mmoja, basi."

Basi likaondoka. Evodia alirudi uani na kikapu chake, akatazama sufuria ikichemka maji matupu. Kumrudishia mtu kahawa, kwao, si sawa na kumrudishia sahani. Kahawa ndiyo salamu yenyewe. Ukiikataa mkononi mwa mtu umemwambia hamjuani.

*

"Tumia akili, mwenzangu," alisema Mastura, akikaa juu ya kinu kilicholala. "Mtu hakasiriki hivihivi. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Mwezi mzima sijafika hata Muleba."

"Basi umeandika kitu. Lete simu."

Wakafungua ile makala. Juu kabisa palikuwa na picha ya Evodia amevaa kilemba chekundu, na chini ya picha jina lake kwa herufi nene. Mastura akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "'Upishi huu nilifundishwa na bibi mmoja wa Muleba. Huweka mujaja kiganja kimoja na mchaichai mashina matatu, hufunika kwa jani la mgomba, huchemsha saa mbili...' Hee! Evodia! Umetoa siri yote!"

"Siri gani?"

"Majani! Vipimo! Mama yangu mzazi ana achari yake, mpaka leo ananifukuza jikoni anapotia viungo. Mimi, niliyemnyonya! Wewe umeyamwaga ya mama mkwe mpaka Tabora, halafu unauliza siri gani."

Evodia akaichukua simu, akaisoma aya ile upya. Neno lilikuwa na maana. Mazara alikuwa mtu wa mambo yake, na vipimo vile hakuwahi kumpa mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye.

"Futa," Mastura alisema. "Futa aya yote hiyo."

Evodia akaifuta. Bibi mmoja akaondoka pamoja na mujaja wake, makala ikabaki na picha ya Evodia na jina la Evodia tu. Chini yake maoni ya wasomaji yalibaki, na Mastura akayapekua kwa kidole.

"Mbona huyu hujamjibu? Sumaiya wa Tanga. Wiki ya tatu hii. 'Dada, huyo bibi anaitwa nani? Nataka nimtaje kwenye dua.' Mtu anataka kumwombea mkweo, wewe kimya!"

"Nitamjibu nini? Jina la mazara halipiti mdomoni mwangu."

"Ati?"

"Mkwe hatajwi. Siku ya kuolewa shangazi alinikalisha akaniambia: utasema yote, jina la mzaa mumeo hutalisema. Nina miaka tisa kwenye ndoa, sijalisema hata usingizini."

"Hata kuandika?"

"Kuandika si kusema polepole?"

Mastura akacheka akijipiga paja. "Sisi kwetu mkwe ni mama, mama basi, tumemaliza. Nyinyi mna kazi."

Josia aliporudi na masizi usoni, alimpigia mama yake palepale. Akaweka sauti juu ili mkewe asikie.

"Ma, waitu, habari za huko?" alisema, kwa neno la heshima la Kihaya.

"Nzuri. Migomba iko salama. Mbuzi kazaa."

"Na kahawa, Ma? Evodia anasema..."

"Mbuzi kazaa mapacha," mazara alisema, simu ikakatika.

Josia aliitazama simu kama chuma kilichokataa kuungana. "Mama hajawahi kugombana na mtu," alisema. "Baba alikuwa anamwogopa kwa hilo. Yeye akiudhiwa anakupa habari za mifugo."

*

Oda ya Mwanza haikujua habari za mifugo. Evodia alikwenda Kanazi, akanunua gunia kwa mtu asiyemjua, akapika kama alivyopika siku zote. Au ndivyo alivyodhani. Siku hizo zote za kuanika alikuwa akiwafukuza kuku na kuonja, anaonja tena, anajiambia ni ulimi wake tu umechoka.

Alhamisi akapeleka pakiti ishirini dukani kwa Datius, aliyekuwa akimuuzia tangu mwanzo. Dukani palikuwa na watu watatu wanasubiri unga. Datius akafungua pakiti moja, akatupa punje mdomoni, akatafuna. Akatafuna. Akageuka pembeni akatema kwenye kiganja, mbele ya wote.

"Mama Rugambwa, hii umepika wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

Wanawake wa unga wakawa wanasoma bei za sabuni. Datius hakuwa mtu mbaya. Alizirudisha pakiti kwenye mfuko wa Evodia moja moja, taratibu, na hilo lilimuuma Evodia kuliko kama angezitupa. "Ikija ile ya mama mkwe wako, niletee hata usiku," alisema. "Hii wateja watanirudishia na meno yao."

Njiani kurudi Evodia alihesabu siku. Zilikuwa zimebaki kumi na sita. Kahawa ya Kanazi haikuwa na kosa. Mkono ndio haukutosha, na mkono wa kuukamilisha ulikuwa Muleba, umekunjwa. Mazara asipopokea kahawa kutoka kwake tena, hakuna gunia, hakuna wa kuonja, hakuna Mwanza. Na hata Mwanza ikiachwa, atakaaje miaka yote iliyobaki katika nyumba ambayo mlango wake wa kwanza umefungwa?

"Nenda mwenyewe," Josia alimwambia. "Simu haipigi magoti."

*

Alifika Ijumaa saa za asubuhi, umande bado uko kwenye migomba. Mazara alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, anamenya ndizi. Kisu chake kilikuwa kimeliwa na miaka mpaka kikawa chembamba kama jani. Evodia akapiga magoti uani, akasalimia kwa Kihaya, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Mazara akaitikia yote, bila kuruka hata moja. Hapo ndipo Evodia alipoogopa zaidi.

"Watoto?"

"Wazima, Ma."

"Mbuzi kazaa mapacha."

"Nimesikia, Ma."

Evodia akatoa kikapu kidogo, akakishika kwa mikono miwili. Ndani yake palikuwa na kahawa ya mwisho ya zamani, ile ya kibanja hiki hiki, iliyobaki kwenye kopo. Akatangulia kutafuna punje moja yeye mwenyewe, kama ipasavyo, kisha akakinyoosha.

Mazara alitazama kikapu. Ndizi ikaendelea kuzunguka mkononi mwake, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Weka hapo chini," alisema.

Kikapu kikawekwa chini, kwenye vumbi, mahali ambapo kuku hula.

"Ma, waitu, nimekosa," Evodia alisema. "Nilitoa vipimo vyako vya mujaja. Sikufikiri. Nimeshafuta. Hakuna atakayeona tena."

Kisu kikasimama. "Umefuta nini?"

"Majani. Na yote ya... na aya yote."

"Umefuta mujaja?" Mazara akacheka, lakini hakuna aliyefurahi katika kicheko kile. "Mujaja unaota mpaka nyuma ya choo, mwanangu. Nani anaficha mujaja?"

Hapo uzio wa nyuma ukalia na Immakulata akaingia, jirani wa mazara, mama mnene mwenye mwendo wa haraka. Alikuwa na kitenge kipya kabisa kimekunjwa kwapani, bado kina gundi ya kiwandani.

"Mama Josia, mimi nimeshindwa," alisema bila hata kusalimia. "Kitu hiki kinaniwasha. Nimekivaa kanisani, nimekaa benchi zima najikuna. Kichukue. Ohoo, mkamwana yupo! Afadhali. Wewe ndiye uliyetuletea balaa hili."

"Balaa gani, Ma Immakulata?"

"Hajakwambia? Huyu hawezi kukwambia, huyu atakwambia habari za mbuzi." Immakulata akajitupa kwenye mkeka. "Wiki mbili nyuma wamekuja akina mama watatu kwa gari, wana simu mkononi. Wamesoma habari zako. Wanamtafuta bibi mmoja wa Muleba anayepika kahawa, wamemletea zawadi. Wakamuuliza kijana wa bodaboda. Naye atajua nini? Bibi mmoja wa Muleba! Mabibi wa Muleba tuko kama siafu. Akawaleta kwangu kwa sababu niko karibu na lami."

"Ukawaambia si wewe?"

"Niliwaambia kupika najua kidogo! Wao wakasema, ona alivyo mnyenyekevu. Wakanipiga picha. Sasa mgeni yuko sebuleni, nami kahawa sina. Nikafanyaje? Nikapita uzioni, nikamwazima Mama Josia kiganja kimoja. Mama Josia akanipa, hakuuliza. Wageni wakatafuna, mmoja akafumba macho. Akasema, bibi, mikono yako ibarikiwe." Immakulata akaitazama mikono yake yenyewe, akaificha chini ya kitenge. "Mjukuu wangu ndiye aliyetusomea baadaye, hapa hapa tulipokaa. Ndipo tukajua walikuwa wanamtafuta nani."

Mazara aliokota ndizi nyingine, asiimenye.

"Miaka hamsini na mbili napika kahawa," alisema polepole, kwa Kihaya sasa, kama mtu anayeongea na ndizi. "Nimewapikia wachungaji. Nimepika msiba wa baba mkwe wako watu wakatafuna siku nne. Wewe ulikuja hapa hujui kuwasha kuni mbichi, nikakushika mkono. Nikasema huyu atabeba. Mtoto akasoma kwenye simu. Picha yako iko juu. Jina lako liko juu, herufi kama za kanisani. Nikasema vizuri, ni binti yangu. Nikangoja. Nikasikia: bibi mmoja." Akaweka ndizi chini. "Kuku mmoja. Chungu kimoja. Hata ng'ombe wa Rweyemamu pale ng'ambo ana jina, akiitwa anageuka."

Evodia aliinamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa mkeka. Neno la konda lilimrudia, kahawa hii mpelekee bibi mmoja, na sasa lilikuwa na uso.

"Ma," alisema, "ningekutajaje?"

"Kwa mdomo. Kama watu."

"Mdomo upi, waitu? Mdomo wa mkwe? Siku naingia nyumba hii nilifundwa nisiliseme jina lako. Nilikaa na simu asubuhi nzima. Kuandika 'mama mkwe' niliona nitakuwa nimekuanika, watu waulize mume wangu nani, kwao wapi. Kuandika jina sikuweza, vidole vilikataa. Nikaona bibi mmoja ndiyo heshima. Nilikuficha kama mtu anavyofunika chakula, Ma. Sikukutupa."

Immakulata akakisukuma kitenge mbali naye.

"Ungemwambia Josia aandike," mazara alisema, lakini sauti ilikuwa imeteremka.

"Sikuwaza. Josia naye hakuwaza. Mastura angeandika, lakini Mastura ningemwambia kwa mdomo gani?"

Mazara alitazama migomba. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Mama mkwe wangu mimi nilimuuguza miaka sita. Nimemlisha, nimemwogesha. Siku ya kumzika mchungaji akamtaja jina lake mbele ya jeneza, nami nikaziba masikio, nikaona ananitukania mtu. Mpaka leo sijalisema. Wala hakuna anayelisema tena. Waliolisema wamekufa wote."

"Na lako, Mama Josia?" Immakulata aliuliza taratibu. "Mimi mwenyewe nakuita Mama Josia mwaka wa arobaini."

"Langu lilikuwa na mtu mmoja wa kuliita, mume wangu. Tangu tumzike, halijaitwa." Akamgeukia Evodia. "Nawe utaitwa Mama Rugambwa mpaka siku utakayoitwa kwa jina lako ugeuke uone anaitwa nani. Afadhali wewe una makala."

Kuku mmoja alikuwa amekisogelea kikapu, shingo ameinyoosha. Mazara akamtupia ganda la ndizi. Akakiinua kikapu kutoka kwenye vumbi, akakipuliza, akachukua punje mbili. Moja akampa Immakulata. Nyingine akaiweka mdomoni, akafumba macho, akatafuna.

Evodia akayafuata mataya yake kwa macho.

"Hii ni ya mwezi wa tano," mazara alisema. "Moto ulikimbia kidogo mwishoni. Lakini umepika." Akafungua macho. "Ulichokosa ni kingine. Umeandika saa mbili. Nani alikwambia saa mbili?"

"Nilitazama saa, Ma."

"Kahawa haina saa! Inachemshwa mpaka maji yawe na rangi ya chai ya mgonjwa, unatoa kuni, unaiacha na jani lake ilale humo. Saa mbili! Watu wa Tabora wanatafuna changarawe, wanadhani Wahaya tuna meno ya chuma."

"Kuna watatu wameandika ilikuwa ngumu," Evodia alikiri.

"Wameandika wapi?"

"Hapa chini, Ma. Wasomaji wakisoma, wanaandika yao."

"Nisomee."

Evodia akasogea kwenye mkeka, simu mkononi. Akasoma. Mmoja wa Dodoma alisema kahawa imemvunja jino la bandia, na Immakulata akacheka mpaka akashika ubavu. Mwingine alisema inamkumbusha nyumbani, yuko mbali, amelia. Hapo mazara akasema, "Rudia huyo," Evodia akarudia. Kisha akafika kwa Sumaiya, akasita.

"Mbona umesimama?"

"Huyu ni wa Tanga, Ma. Anauliza. Huyo bibi anaitwa nani, anataka kumtaja kwenye dua."

"Ameuliza lini?"

"Mwezi unakaribia."

"Na hajajibiwa?"

"Hajajibiwa."

Mazara akajifuta utomvu wa ndizi kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, kama anayejiandaa kumshika mtoto mchanga. "Lete hapa."

"Ma?"

"Wewe umekatazwa. Mimi nimekatazwa na nani? Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa kibao na chaki, na mwalimu alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa. Lete." Akaipokea simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Nani alizimwaga herufi hizi? Mbona hazikukaa kwa mstari kama tulivyofundishwa? A iko huku, B imekimbilia huko!"

"Ndivyo zilivyotengenezwa, Ma."

"Aliyezitengeneza hakuwa na mama." Kidole chake kikaelea juu ya kioo kama kunguru anayetafuta pa kutua. "Kesho alfajiri tunachuma, mimi na wewe. Utalala hapa. Mwanza wanataka ngapi?"

"Mia mbili, Ma."

"Zitatosha. Immakulata atatusaidia kufunga, hicho kitenge hakitamwasha tena."

"Nitafunga mpaka kucha zitoke," Immakulata alisema.

"Na ile aya irudishe. Saa mbili uitoe. Sasa nyamazeni, naandika."

Kidole kikatua. Evodia akageuza uso, akatazama migomba, kwa heshima, kama mtu anavyougeuza wakati mkubwa wake anavaa. Alisikia simu ikilia tiki, halafu kimya kirefu, halafu tiki. Immakulata, ambaye si mkwe wa mtu pale, alinyoosha shingo juu ya bega la rafiki yake, midomo yake ikifuata kila herufi, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo uso wake ulivyofunguka, kama anayemwona mtu wa zamani anakuja njiani.

"Bonyeza hicho kimshale, Ma," Evodia alisema akiwa bado amegeuka.

Simu ikatoa mlio mdogo.

"Tazama," mazara alisema. "Macho hayakukatazwa."

Evodia akageuka. Chini ya maneno ya Sumaiya wa Tanga, mahali palipokuwa patupu kwa siku zote zile, palikuwa na maneno mawili tu, bila nukta:

*Naitwa Kokuhirwa*